UZI: Data za ubora wa maji Uganda ziko wapi hasa? Na mbona majedwali mawili ya chemchemi moja hayakubaliani?

#1 Chemchemi_Kla
Salaam wadau. Natafuta data za ubora wa maji ambazo mtu yeyote anaweza kuzipata bila kumjua mtu. Sitaki ripoti ya kurasa mia mbili yenye picha za waheshimiwa wakifungua bomba. Nataka namba: mahali, tarehe, kipimo.

Mpaka sasa nina majedwali mawili ya chemchemi moja iliyojengewa, bondeni hapa Kampala. Moja nimelitoa kwenye kiambatisho (PDF) cha tathmini ya mazingira ya mradi fulani, jingine ni CSV (faili la jedwali) ya mtandaoni. La kwanza linasema naitreti 36. La pili linasema 8.1. Kwa la kwanza maji yanakaribia kugonga kikomo, kwa la pili ni safi kabisa. Nani anadanganya? Na nyingine nizitafute wapi?

#2 Mzee_wa_Busia
Uganda hakuna data, kuna warsha. Nimeketi hapa nasubiri.

#3 Mama_Maabara
Hakuna anayedanganya. Chukua 8.1 zidisha kwa 4.43. Unapata 35.9.

Jedwali moja limeandika naitreti yote (NO3), jingine limeandika naitrojeni iliyomo ndani yake tu (NO3-N). Uzito wa NO3 ni 62, wa N ni 14, na 62 kwa 14 ndiyo hiyo 4.43. Kikomo cha WHO ni 50 mg/L kwa naitreti, sawa na 11.3 kwa naitrojeni. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, EAS 12, ambacho UNBS, shirika la viwango la Uganda, inakitumia hapa kwetu, ni 45 kwa naitreti. Ukiiweka 8.1 yako mbele ya 45 umejidanganya mwenyewe, maji hayajabadilika.

Fosfeti ina mtego uleule: PO4 gawa kwa 3.07 upate P.

#4 Mtu_wa_Ramani
Mama, hesabu ni tamu lakini tusikimbilie. Namba mbili zikioana kwa kuzidisha bado si ushahidi. @Chemchemi_Kla tupe tarehe na vichwa vya safu kama vilivyoandikwa, usivirekebishe.

#5 Chemchemi_Kla
PDF: "Nitrate (mg/l)", sampuli ya Aprili. CSV: "NO3" tu, safu ya kipimo iko tupu, sampuli ya Agosti mwaka huohuo.

#6 Mama_Maabara
Safu ya kipimo tupu ndiyo ugonjwa wenyewe. Tafuta mbinu ya upimaji. Kama ni fotometa (kifaa kinachopima kwa mwanga) ya Hach yenye poda ya kadmiamu, kwa kawaida kioo kinasoma NO3-N, na mtu wa uwandani anaandika "NO3" kwa mkato. Maabara ya ioni kromatografia huweza kutoa yoyote kati ya hizo mbili, lakini cheti chake huwa kinasema. Cheti kikikosekana weka alama ya kuuliza kwenye mstari huo, usiuguse.

#7 Kisenyi_Mfereji
Mimi naona mvua, si kipimo. Aprili ni masika, Agosti mvua hazijakolea. Chemchemi za mabonde ya Kampala zinakula maji ya juu juu kutoka vilima vyenye vyoo vya shimo kila upande. Bakteria hupanda ndani ya siku mbili baada ya mvua kubwa, hilo linajulikana. Kwa nini naitreti isipande nayo?

#8 Mama_Maabara
Kwa sababu haisafiri kwa njia ileile. Bakteria wanaingia kwa mkato: ufa nyuma ya ukuta wa chemchemi, mtaro uliozibwa, maji ya mvua yanayotuama juu ya kichujio. Naitreti iko tayari kwenye maji ya ardhini, imejikusanya miaka mingi. Mvua inaweza kuisukuma ipande au kuizimua ishuke. Nimeona hoja zote mbili zikitetewa kwa data nzuri.

#9 Kisenyi_Mfereji
Basi ipimwe. Pakua mvua ya CHIRPS, makadirio yanayotumia setilaiti: ni ya kila siku, tangu 1981, mraba wa nyuzi 0.05, yaani kilomita tano na nusu hivi. Jumlisha mvua ya siku 2 na ya siku 5 kabla ya kila sampuli, weka kama safu mbili mpya kando ya matokeo. Onyo: mraba mmoja unafunika vilima kadhaa, na Kampala mvua inaweza kumwaga Makindye huku Kawempe vumbi. Kwa sampuli mbili haithibitishi lolote, inataka ishirini kwenda juu.

#10 Jinja_Majini
Turudi kwenye swali la pili la mtoa mada, ziko wapi. Ninavyozijua:

GEMStat. Hifadhi ya dunia ya mpango wa GEMS/Water wa UNEP, kituo chake cha data kiko Koblenz, Ujerumani. Mito, maziwa na maji ya ardhini. Unachagua nchi kwenye ramani, unaona vituo na miaka, unapakua. Faili la vituo na faili la vipimo ni mawili tofauti, unayaunganisha kwa namba ya kituo. Kuna safu ya kina cha sampuli na safu ya alama za thamani, na hizo mbili ndizo watu huzifuta kwanza wakidhani hazina kazi. Ukilifungua kwa Excel na kila kitu kikajibana kwenye safu moja, kitenganishi ni nukta mkato, si mkato. Afrika vituo ni haba na mfululizo unakatika, usitarajie Ulaya.

WPdx. Vituo vya maji: visima, chemchemi, mabomba, vyenye mahali, aina na kama vinafanya kazi. Uganda ina mistari mingi sana humo. Si data ya maabara. Inakusaidia kujua chanzo ni nini, kisha ndiyo unaambatisha kemia kutoka kwingine.

JMP ya WHO na UNICEF. Asilimia za kaya zenye huduma ya maji, si vipimo vya mito. Watu wanachanganya.

Halafu migodi iliyofichika: viambatisho vya tathmini za mazingira za miradi ya Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Karibu kila mradi wa maji au barabara una jedwali la maabara huko nyuma kwenye kurasa ambazo hakuna anayezifika.

#11 Mzee_wa_Busia
Haya, kumbe zipo. Mto Malaba wangu uko wapi humo?

#12 Jinja_Majini
Mzee, mto wako una wazazi wawili. Bonde la Sio-Malaba-Malakisi liko nchi mbili. Upande wa pili anayepima ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji ya Kenya, upande huu ni Kurugenzi ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Entebbe. Mto mmoja unaweza kuwa na majina mawili ya kituo na mbinu mbili. Ukiziunganisha bila kuweka safu ya "nani alipima", utaona mto unajisafisha ukivuka mpaka.

#13 Mzee_wa_Busia
Unalipa ushuru tu, hausafishwi 😂

#14 Wakili_Mdogo
Hakuna aliyetaja sheria. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa chombo cha serikali, na ofisa anatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Kuna tovuti ya AskYourGov kwa kuwasilisha maombi, na barua yenye muhuri wa kupokelewa nayo inafaa.

Ombi linaangukia kwenye maneno. Ukiandika "naomba data za maji" utajibiwa "tazama ripoti ya mwaka". Andika hivi: namba au jina la kituo, vipimo unavyotaka kwa majina (pH, EC yaani upitishaji umeme, naitreti, fosforasi yote, oksijeni, E. coli yaani bakteria wa kinyesi), kuanzia tarehe gani hadi gani, matokeo ya kila sampuli si wastani, pamoja na mbinu na kikomo cha ugunduzi (kiwango cha chini kabisa ambacho kifaa kinaona), kwa Excel au CSV. Omba vituo vitatu kwanza. Orodha fupi inajibika, ndefu inaitiwa kikao.

#15 Mtu_wa_Ramani
Sasa mahali. @Chemchemi_Kla umehakikishaje kwamba majedwali yako ni ya chemchemi moja? Kwa jina?

#16 Chemchemi_Kla
Jina na parokia vinalingana. PDF ina mashariki na kaskazini kwa mita, CSV ina latitudo na longitudo.

#17 Mtu_wa_Ramani
Hapo ndipo. Data za zamani za Uganda nyingi ziko kwenye datumu (msingi wa vipimo vya ramani) ya Arc 1960, UTM 36N, yaani gridi ya mita ukanda wa 36 kaskazini, namba yake kwenye programu za ramani EPSG 21096. Za GPS za sasa ni WGS 84, EPSG 32636. Ukisoma moja kama nyingine nukta inaruka mita 300 hivi, kaskazini au kusini. Kwenye kata ya mashambani haikusumbui. Kwenye bonde la Kampala mita 300 ni chemchemi nyingine.

Na walio kusini mwa ikweta jihadhari zaidi. Wengi wetu tunaendelea kutumia 36N hata Mbarara, kwa hiyo kaskazini inakuwa hasi, kama -67,000. Mtu akiona alama ya kutoa anadhani ni kosa la uchapaji, anaifuta, na kisima cha Mbarara kinahamia Kyenjojo. Wengine wanatumia 36S na kupata milioni 9.9. Zote ni sahihi mradi useme ni ipi. Kisoro nayo iko ukanda wa 35, usiilazimishe.

#18 Chemchemi_Kla
Nimejaribu kwenye QGIS, programu ya ramani. Nikiisoma PDF kama WGS 84 nukta inaangukia kando ya barabara, hakuna kitu. Nikiisoma kama Arc 1960 inaangukia karibu na chemchemi, ila si ile ya CSV, ni ya ng'ambo ya mtaro.

#19 Kisenyi_Mfereji
😂😂 Mama rudi na 4.43 yako.

#20 Mama_Maabara
4.43 haijaenda popote. GPS ya mkononi kati ya majengo inakosea mita kumi au ishirini, na mwandishi wa ripoti anaweza kuwa ameshika namba ya ofisi ya mradi. Linganisha EC na kloridi za majedwali yote mawili. Chemchemi mbili tofauti hazitakuwa na EC ileile, kloridi ileile na naitreti zinazooana kwa 4.43 kamili.

#21 Mtu_wa_Ramani
Zikichota chini ya kilima kimoja zinaweza.

#22 Mchimba_Soroti
Ninyi wa chemchemi mna raha. Huku kwetu kesi ni chuma kwenye visima vya pampu. Ukifungua data ya wilaya unakuta chuma 0.1, kisima jirani 6, mwamba mmoja. Kikomo cha EAS 12 ni 0.3. Watu wanaandika "jiolojia" na kufunga faili. Mara nyingi ni mabomba ya mabati ya pampu ya mkono ya U2 yanayoliwa na maji yenye pH chini ya 6.5.

Namna ya kutenganisha: fika alfajiri kabla hajapampu mtu. Chukua sampuli ya kwanza papo hapo. Bomba la inchi moja na robo linabeba karibu lita moja kwa kila mita, kwa hiyo silinda ikiwa mita 30 chini, jerikeni moja na nusu inamaliza maji yaliyolala kwenye bomba. Chukua ya pili. Endelea kupampu mpaka umalize maji ya ndani ya kisima: kwa kesingi (bomba la ukuta wa kisima) ya inchi tano ni lita 12 kwa mita, kina cha maji mita 20 ni lita 240 hivi, jerikeni 12. Chukua ya tatu. Chuma ikishuka sana kutoka ya kwanza hadi ya tatu, bomba ndilo mkosaji. Ikibaki juu, ni ardhi.

Sasa nioneshe data ya umma inayosema sampuli ilichukuliwa baada ya jerikeni ngapi.

#23 Kasese_Chumvi
Umesahau sampuli yenyewe. Ukitia asidi ya naitriki kabla ya kuchuja, kila chembe ya kutu inayeyuka na kuhesabiwa. Ukichuja kwanza kwa mikroni 0.45 palepale kisimani unapata iliyoyeyuka tu. "Fe" kwenye jedwali inaweza kuwa yoyote. Tofauti ya 0.1 na 6 inaweza kutokea kwenye chupa mbili za kisima kimoja.

#24 Lango_Pampu
Na bakteria wa chuma je? Ute wa rangi ya chungwa kwenye fimbo za pampu hautoki kwa kemia peke yake. Kisima kilichobadilishiwa mabomba ya plastiki na chuma ikabaki, mnakisemaje?

#25 Mchimba_Soroti
Nakisema kwamba fimbo na silinda hazikubadilishwa. Ila sikatai, kuna visima ambavyo ardhi ina chuma kweli. Dalili: maji yanatoka meupe kabisa, yanageuka kahawia ndani ya jerikeni baada ya saa kadhaa. Hiyo ni chuma iliyoyeyuka inayokutana na hewa. Ya kutu hutoka tayari ina rangi asubuhi.

#26 Kasese_Chumvi
Huku kwetu tafuteni safu ya floraidi kwanza, kikomo 1.5. Meno ya kahawia Kasese na Kisoro si habari mpya. Floraidi haina harufu wala rangi, na vifaa vingi vya uwandani havibebi kipimo chake, kwa hiyo safu tupu huku haimaanishi salama.

#27 Mama_Maabara
Safu tupu, sifuri na "<" ni vitu vitatu tofauti! Tupu: hakikupimwa. "<0.05": kilipimwa, kifaa hakikuona chini ya hapo. Sifuri: mara nyingi ni "<" iliyouawa na mtu wa kuingiza data. Excel ikikutana na "<0.05" inaifanya maandishi, wastani unairuka, na kituo safi kinaonekana kichafu kwa sababu sampuli zake nzuri zimetupwa. Tenga safu mbili: alama na namba. Ukitumia nusu ya kikomo cha ugunduzi sema hivyo, na ikiwa zaidi ya nusu ya sampuli ni "<", acha wastani, toa idadi iliyovuka kiwango.

E. coli ni kesi nyingine. Ukichuja mililita 10 na usione kitu, jibu ni "<10 kwa mililita 100", si sifuri. "TNTC" ni koloni nyingi zisizohesabika, usiifute, hiyo ndiyo sampuli mbaya kuliko zote. Panga kwa madaraja: 0, 1–10, 11–100, zaidi ya 100. Na uangalie saa: sampuli iliyokaa kwenye boda bila barafu mpaka jioni haina maana, lengo ni ipimwe ndani ya saa 6 tangu kuchotwa. Maji ya bomba yenye klorini bila thiosalfeti (dawa ya kuzima klorini) kwenye chupa, klorini inaendelea kuua njiani na matokeo yanatoka mazuri ya uongo.

#28 Arua_Kwetu
Kwa mabaki ya klorini tazameni dashibodi za WASH (maji na usafi) za UNHCR kuhusu makazi ya wakimbizi, Bidi Bidi, Rhino, Nakivale. Ila mwulize aliyepima: bombani au kwenye jerikeni nyumbani? 0.5 bombani inaweza kuwa haipo kabisa kufikia jioni ndani ya jerikeni yenye utelezi.

#29 Jinja_Majini
Ziwani sasa, maana wengi watakuja hapo. Copernicus, mpango wa setilaiti wa Ulaya, inatoa bure ubora wa maji ya maziwa kwa setilaiti kila siku 10: tope na hali ya rutuba, mraba wa mita 300 na wa mita 100. Victoria na Kyoga zimo. Picha ghafi za setilaiti ya Sentinel-2 ni mita 10, kila siku 5 mawingu yakikuruhusu, na hayakuruhusu. Ghuba ya ndani ya Murchison, ile ya Victoria kando ya Kampala, ni nyembamba: pikseli ya mita 300 ufukweni inachanganya maji na mafunjo, na gugu maji linasomeka kama mwani wa kutisha. Kata ukingo pikseli moja au mbili kabla ya kuchora grafu.

#30 Kisenyi_Mfereji
Na kijani ya ghuba hiyo ni ya mfereji wa Nakivubo unaobeba majitaka ya Kampala, msitafute mchawi mwingine.

#31 Jinja_Majini
Sehemu. Ghuba imejifunga, maji yanabadilika polepole, na ziwa lenyewe lina fosforasi yake inayopanda kutoka chini upepo ukilikoroga. Juni na Julai upepo wa kusi unachanganya Victoria juu hadi chini, miezi mingine linatengana na chini hakuna hewa. Ndiyo maana nilisema msifute safu ya kina. Oksijeni ya mita 1 na ya mita 60 ukizitia wastani mmoja unapata ziwa ambalo halipo.

Na saa ya siku pia. Saa nane mchana mwani unatoa oksijeni juu, alfajiri imeshuka. Kwa mwinuko wetu wa mita 1,134, maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba oksijeni ni kama 7.2 mg/L, si 8.3 ya pwani. Ukiona 8.3, ama ni mwani ama kifaa hakikurekebishwa kwa mwinuko.

#32 Mzee_wa_Busia
Na wale sangara waliokufa mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021?

#33 Jinja_Majini
Maelezo rasmi yalikuwa upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba kukoroga maji ya chini. Yanaendana na tabia ya ziwa, na sangara ndiye wa kwanza kulemewa.

#34 Lango_Pampu
Yanaendana pia na sumu, ikiwa hakuna aliyepima siku ileile. Kipimo cha wiki moja baadaye hakimshtaki wala hakimwachii mtu.

#35 Jinja_Majini
Sumu haichagui mkubwa ikamwacha mdogo.

#36 Lango_Pampu
Baadhi huchagua. Lete kipimo.

#37 Chemchemi_Kla
EC kwenye PDF ni 610, CSV 585. Kloridi CSV haina. PDF yenyewe ni skani, na TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka) imeandikwa 4020.

#38 Mama_Maabara
TDS huwa nusu hadi saba ya kumi ya EC. Kwa 610 tarajia 300 mpaka 430. Hiyo ni 402.0 iliyopoteza nukta, kwa hiyo kagua nukta za jedwali lote kwa jicho, usiiamini programu ya kusoma skani. Kama ioni kuu zote zipo, geuza kuwa milikwivalenti (kipimo cha chaji) na ulinganishe chanya na hasi: zikipishana zaidi ya asilimia 10 kuna namba mbovu ndani. Jaribu na naitreti 36 kama NO3, kisha kama N. Moja itavunja mizania.

#39 Mtu_wa_Ramani
Hiyo itasema kipimo. Haitasema chemchemi ipi.

#40 Kyoga_Mtumbwi
Samahani kwa kuchelewa. Hiyo Copernicus ya mita 300, naona Kyoga inaanza 2002 halafu inakatika 2012. Ni mimi au ni wao?

#41 Jinja_Majini
Ni wao. Kifaa cha MERIS kilikufa pamoja na setilaiti yake 2012, kifaa kilichofuata, OLCI, kikaanza 2016. Usivute mstari juu ya pengo, na usilinganishe kabla na baada bila kuangalia kama toleo la uchakataji ni moja.

#42 Kyoga_Mtumbwi
Asante. Na visiwa vya mafunjo vinavyoelea, mnavikataje wakati kila mwezi viko mahali pengine?